Kuchagua taa ya tangi la samaki lenye mimea hai: mwongozo kwa wafugaji wa Uganda

Mtu anayeanza kufuga samaki wa mapambo pamoja na mimea hai aghalabu hutumia siku nyingi kuchagua samaki, saa chache kuchagua mimea, na taa huinunua mwisho kabisa kwa kuangalia ipi inang'aa kuliko zote dukani. Utaratibu huo ndio unaoharibu matangi mengi ninayoitwa kuyatazama hapa Kampala na Entebbe. Maji huwa ya kijani, vioo hufunikwa na mwani, majani ya mimea hupigwa na madoa, na mwenye tangi huamini kwamba mimea yake inakosa mwanga, hivyo huongeza taa ya pili. Kwa kweli, tatizo ninalokutana nalo mara kwa mara ni mwanga kuzidi.

Sababu yake inaeleweka kirahisi. Mwanga ndio unaoamua mwendo wa kila kitu ndani ya tangi. Kadiri unavyokuwa mkali, ndivyo mimea inavyodai hewa ya ukaa na mbolea zaidi, na visipopatikana, ukuaji wake husimama huku mwanga ukiendelea kumiminika. Mwani unahitaji kidogo sana na unaweza kuishi kwa mabaki, kwa hiyo huutumia mwanga uliobaki. Mfugaji asiye na mtungi wa hewa ya ukaa, na wengi wetu hatuna, anapaswa kutafuta taa inayolingana na kile ambacho tangi lake linaweza kuitikia. Hatua zinazofuata zimepangwa kwa kufuata wazo hilo.

Hatua ya 1: Amua mimea kabla ya taa

Wataalamu hupima mwanga wa mimea kwa kuhesabu chembe za nuru zenye urefu wa mawimbi kati ya nanomita 400 na 700, zinazoangukia mita moja ya mraba kwa sekunde moja. Kipimo chake ni maikromoli. Jua la saa sita mchana karibu na ikweta hufikia takriban maikromoli 2,000, lakini mimea ya tangi haihitaji hata sehemu ya kumi ya kiasi hicho.

Mimea inayoridhika na mwanga hafifu, yaani maikromoli 15 hadi 30 kwenye sakafu ya tangi, ni Anubias, kangaga wa Java, kuvumwani ya Java na aina nyingi za Cryptocoryne. Hii ndiyo mimea ninayomshauri kila anayeanza, kwa kuwa hukua polepole na humvumilia mwenye nyumba anayesafiri au anayekatikiwa na umeme. Kundi la kati, la maikromoli 30 hadi 50, lina Echinodorus wenye majani mapana na Ludwigia kadhaa. Vallisneria na Ceratophyllum, ambazo huota zenyewe katika Ziwa Viktoria, huishi vizuri katika makundi yote mawili, ila katika mwanga wa kati hukua kwa kasi. Juu ya 50 kuna mimea mifupi inayotandaa kama zulia, na ile ya shina yenye wekundu mkali. Kundi hili la tatu, bila mtungi wa hewa ya ukaa na ratiba thabiti ya mbolea, huleta hasara ya fedha na majonzi. Ukiliona pichani ukalitamani, kwanza uliza bei ya mtungi na mahali pa kuujazia, halafu ndipo uangalie taa.

Andika majina ya mimea uliyoichagua kwenye karatasi na uende nayo dukani. Taa utakayoinunua itumikie karatasi hiyo.

Hatua ya 2: Pima tangi lako mwenyewe

Matangi yetu mengi hutengenezwa na mafundi wa vioo kwa oda, kwa hiyo vipimo vyake si vile vilivyoandikwa kwenye maboksi ya taa kutoka nje. Chukua futi kamba upime urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha zidisha vipimo hivyo vitatu na ugawanye kwa 1,000 ili upate lita. Tangi la sentimita 80 kwa 35 kwa 40 lina lita 112 likijaa pomoni. Ukitoa nafasi ya changarawe, mawe na sehemu ya juu isiyojazwa maji, hubaki kama lita 95. Tutalitumia tangi hilo kama mfano.

Pima pia umbali kutoka pale taa itakapokaa hadi juu ya changarawe, kwa maana kipimo hiki ndicho kinachosahauliwa na ndicho chenye uzito zaidi. Mwanga hutawanyika kadiri unavyosafiri, hivyo taa inayofaa tangi la kimo cha sentimita 30 inaweza kuiacha sakafu ya tangi la sentimita 60 katika nusu giza. Maji safi yenyewe hayapunguzi mwanga sana kwa vina hivi. Maji yaliyogeuka rangi ya chai kwa sababu ya magogo au majani makavu ndiyo yanayoumeza, hasa ule wa buluu.

Urefu wa taa ukaribiane na urefu wa tangi. Taa ya sentimita 40 katikati ya tangi la sentimita 80 huiacha mimea ya pembeni ikiinama kutafuta nuru. Upana wa tangi ukizidi sentimita 45, tumia taa mbili nyembamba zilizo sambamba badala ya moja yenye nguvu kubwa.

Hatua ya 3: Soma boksi kwa makini, na usiamini wati peke yake

Huenda ukakutana na kanuni ya zamani ya kuhesabu wati kwa ujazo wa maji. Kanuni hiyo ilitokana na taa za tyubu nene za floresenti, na haifai tena, kwa sababu taa za LED za leo hutoa mwanga mwingi zaidi kwa umeme uleule. Wati hukueleza umeme unaotumika, na lumeni hukueleza mwanga unaotoka. Kwa mimea ya kundi la kwanza, lumeni 10 hadi 20 kwa kila lita zinatosha. Kwa kundi la kati hesabu 20 hadi 40. Tangi letu la lita 95 likipewa lumeni 20 kwa lita linahitaji lumeni 1,900, na LED nzuri inayotoa lumeni 100 kwa wati moja itazitoa kwa wati 19 tu. Wanunuzi wengi hushangaa wakiisikia hesabu hii, kwa kuwa walikuwa tayari kununua taa ya wati 50.

Hata hivyo lumeni nazo zina upungufu. Ni kipimo cha jicho la binadamu, ambalo huona rangi ya kijani inayoelekea manjano vizuri kuliko nyekundu na buluu. Kwa taa nyeupe tofauti hiyo haitupotoshi sana, lakini kwa taa za zambarau zinazouzwa kwa ajili ya vitalu vya mboga lumeni hazina maana kubwa. Taa hizo za zambarau mimi sizipendekezi kwa tangi la sebuleni. Mimea itakua, ndiyo, lakini samaki watapoteza rangi zao machoni na hutaweza kuona jani likianza kuugua. Tena si kweli kwamba mimea haitumii nuru ya kijani kabisa. Huiakisi sehemu tu na kuitumia iliyobaki.

Rangi ya mwanga mweupe huandikwa kwa kelvini. Chagua kati ya 5,000 na 7,000. Taa iliyoandikwa 6500K ndiyo inayopatikana kirahisi katika maduka ya vifaa vya umeme, na rangi yake hukaribia ile ya mchana. Taa ya 3000K, ya manjano kama ya chumba cha kulala, haiui mimea, ila huyafanya maji yaonekane machafu. Kama boksi linaonyesha pia alama ya uaminifu wa rangi (CRI), yaani jinsi taa inavyoonyesha rangi halisi za vitu, tafuta 80 au zaidi. Utaona tofauti kwenye mapezi ya samaki.

Kuhusu maboksi yenye tarakimu za kutisha, kwa mfano wati 100 kwa kifaa kidogo kama rula, kuna njia ya kuhakiki inayohitaji mita ya umeme na saa tu, ikiwa mita yako iko mahali unapoweza kuiona. Mita nyingi zina kitaa kidogo chekundu kinachomwekamweka, na pembeni pameandikwa idadi ya mimweko kwa yuniti moja, kwa mfano 1000. Zima kila kitu nyumbani, washa taa hiyo peke yake, kisha pima sekunde kati ya mmweko mmoja na unaofuata. Kwa mita ya mimweko 1,000, gawanya 3,600 kwa sekunde ulizozipata. Kama zilipita sekunde 180, taa yako inakula wati 20, hata kama boksi linasema 100.

Hatua ya 4: Ijaribu taa katika tangi kavu

Fanya jaribio hili kabla ya kutia maji, usiku, taa za chumba zikiwa zimezimwa. Weka programu ya kupimia mwanga kwenye simu ya Android, kisha laza simu kwenye sakafu ya tangi tupu, kioo kikitazama juu. Kihisio cha mwanga kiko karibu na kamera ya mbele, kwa hiyo hakikisha kidole au kivuli chako hakikigusi. Soma luksi, yaani kipimo cha mwanga unaoangukia mahali fulani, katikati, halafu katika pembe zote nne, na uandike.

Kwa taa nyeupe ya karibu 6500K, gawanya luksi kwa 70 ili upate makadirio ya maikromoli. Luksi 1,400 hadi 2,100 sakafuni ni sawa na maikromoli 20 hadi 30, zinazotosha kundi la kwanza. Luksi 2,100 hadi 3,500 zinafaa kundi la kati. Simu hutofautiana na haziwezi kuchukua nafasi ya kipimo cha maabara, lakini simu moja ikipima sehemu tano za tangi moja hukuonyesha kwa uhakika mahali palipo na giza.

Katika tangi langu la sentimita 80 nilipata luksi 2,300 katikati na 1,000 tu kwenye pembe ya nyuma kushoto. Sikubadilisha taa. Pembe hiyo niliipa Anubias iliyofungwa kwenye jiwe kwa uzi, na katikati nikapanda Vallisneria. Mwaka wa tatu huu zote zinaendelea vizuri. Karatasi ya vipimo vitano ndiyo iliyokuwa ramani yangu ya kupandia, na ninamhimiza kila mfugaji aichore yake.

Hatua ya 5: Panga mambo ya umeme wa nyumbani

Taa yetu ya wati 19 ikiwaka saa 8 kwa siku hutumia yuniti 0.152, na kwa siku 30 ni kama yuniti 4.6. Angalia bei ya yuniti kwenye ujumbe wa Yaka unaoupokea unapolipia umeme, kisha zidisha. Kama yuniti ingekuwa shilingi 800, mwezi mzima ungegharimu shilingi 3,648. Tyubu mbili za wati 18 zingetumia karibu mara mbili ya hapo, na zaidi kidogo ukihesabu kifaa chake cha kuwashia.

Umeme wetu ni wa volti 240, lakini kwenye soketi hupanda na kushuka, na unaporudi baada ya kukatika huja kwa kishindo. Nunua taa ambayo adapta yake imeandikwa volti 100 hadi 240, kwa sababu hiyo huvumilia kushuka kwa umeme bila kufifia. Kile kifaa cha kulindia friji kinachochelewesha umeme kwa dakika chache unaporudi kinaweza kulinda tangi pia, mradi usizidishe mzigo wake.

Taima ni ya lazima, na hapa nataka kukaa kidogo, maana aina inayouzwa kwa bei nafuu zaidi haifai mazingira yetu. Taima ya kuzungusha yenye meno kuzunguka duara huendeshwa na umeme wenyewe. Umeme ukikatika kwa saa mbili, nayo husimama saa mbili, na ukirudi huendelea pale ilipoachia. Baada ya wiki yenye mikato mitatu, taa iliyopangwa kuwaka mchana huwaka jioni na kuzimika usiku wa manane. Niliwahi kukaa karibu mwezi nikitafuta chanzo cha mwani uliofunika kioo cha nyuma, kumbe katika kuirekebisha taima kila mara kwa mkono nilikuwa nimeminya meno manne ya ziada, na kila jino lilikuwa dakika 15. Saa nzima ya mwanga iliongezeka kila siku bila mimi kujua. Nunua taima ya kidijitali yenye betri ndani, inayokumbuka saa hata umeme usipokuwepo.

Umeme ukikatika, usijaribu kufidia mwanga uliopotea kwa kuacha taa usiku kucha. Mimea yenye afya huvumilia siku mbili tatu za giza bila madhara. Akiba ya betri ipewe kwanza pampu ya hewa, kwa kuwa samaki hawana subira hiyo. Kwa mwenye mfumo wa sola, taa za utepe za volti 12 ni chaguo zuri, ila atambue kwamba betri inapochajiwa mchana volti zake hupanda hadi zaidi ya 14, na utepe wa bei rahisi uliounganishwa moja kwa moja hupata moto na kufa mapema. Weka kidhibiti cha volti kati ya betri na taa.

Hatua ya 6: Funga taa kwa usalama

Waya wa taa ushuke chini ya kimo cha soketi kabla ya kupanda kuingia humo, ili tone la maji likiteleza juu ya waya lidondokee sakafuni badala ya kuingia kwenye plagi. Ekstensheni isilazwe chini ya tangi. Taa inayokaa juu ya maji yasiyofunikwa iwe na alama ya kinga ya maji ya IP65 au zaidi, na ile inayozamishwa iwe IP68. Muombe fundi umeme aweke swichi inayokata umeme mara unapovuja, na chomoa plagi kila unapoingiza mkono majini.

Ukiweza, ining'inize taa kwa minyororo au vishikio vinavyopandishwa na kushushwa. Kuinua taa sentimita 10 ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kupunguza ukali wake. Ukitumia kifuniko cha kioo, kifute kila wiki, maana chokaa na mvuke hula mwanga kimyakimya.

Tangi lisikae mahali linapopigwa na jua la dirishani. Jua hilo huongeza saa za mwanga usizozipanga na kuyapasha maji moto, nasi katika nchi yetu hatuna msimu wa giza wa kulipunguza. Siku ni ya takriban saa 12 mwaka mzima.

Hatua ya 7: Weka saa za kuwaka

Tangi jipya lianze na saa 6 kwa siku kwa wiki tatu za kwanza, wakati mizizi bado haijashika. Mwani wa hudhurungi unaofunika vioo katika wiki hizo ni wa kawaida, na mara nyingi hupungua wenyewe tangi likikomaa, kwa hiyo usiutibu kwa kubadilisha taa. Baada ya hapo ongeza nusu saa kwa wiki hadi ufike saa 7 au 8, na usivuke hapo bila sababu. Saa hizo ziwe zile ambazo wewe uko nyumbani. Kwa anayerudi kazini jioni, taa iwake kuanzia saa nane mchana hadi saa tatu usiku, nayo itakuwa imepata saa 7. Kama taa ina uwezo wa kuwaka taratibu, utumie, kwani samaki hushtuka mwanga unapowatokea ghafla gizani.

Hatua ya 8: Isome mimea, kisha rekebisha

Shina linalorefuka haraka huku nafasi kati ya jani na jani ikipanuka, na majani ya chini yakidondoka, linasema mwanga ni mdogo. Teremsha taa au ongeza nusu saa. Madoa madogo magumu ya kijani juu ya majani ya Anubias, ambayo hayatoki ukiyasugua kwa kidole, au maji yanayogeuka kijani kama supu ya mboga, mara nyingi yanasema mwanga umezidi. Inua taa, punguza saa moja, au achia mimea inayoelea ifunike theluthi moja ya uso wa maji. Pistia hufanya kazi hiyo vizuri sana, na inayozidi iondolewe ikaushwe juani hadi ife, kamwe isitupwe kwenye mtaro unaoelekea ziwani. Magugu maji yametusumbua vya kutosha tangu yalipoingia Ziwa Viktoria miaka ya 1980.

Majani machanga yanayotoka ya manjano ilhali mwanga uko sawa kwa vipimo vya hatua ya 4 ni dalili ya kukosa madini, hasa chuma, na dawa yake ni mbolea.

Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja na usubiri wiki mbili kamili kabla ya kugusa jingine. Jani lililokwisha kuharibika halitarudia hali yake hata ukirekebisha kila kitu, kwa hiyo likate, na uangalie lile jipya linalochipua katikati ya mmea.